Mtahini na Chuo Kisichokataa Watu

Kuna watu hupewa neno moja tu hapa duniani, wakalishika mpaka likawashika wao. Mtahini wa madereva alipewa "bado". Unamaliza kuendesha, kona zote umezipinda vizuri, umepanda kile kilima cha saruji pale uwanjani bila gari kurudi nyuma hata kidogo, umepaki katikati ya koni bila kuigusa hata moja. Unazima injini, unamtazama kwa macho ya kuomba. Yeye anafunga kalamu yake, anafungua mlango, anashusha mguu mmoja chini, ndipo anasema bila kukutazama, "Bado." Basi. Bado nini, hakwambii. Ukimuuliza, anakujibu kwamba dereva mzuri angejua mwenyewe.

Ndiyo maana mji mzima ulimwita Mzee Bado, na badala ya kukasirika, mwenzangu, alilipenda! Wenzake wakimtania alitabasamu na kuwapa hotuba ileile. Mlango, alisema, haupimwi kwa wanaoingia, unapimwa kwa wanaorudi nyumbani wakilia. Mwalimu mmoja wa shule ya udereva aliwahi kusema kwamba Mzee Bado angemtahini mtu aliyevumbua gari, naye angemrudisha akajifunze kutazama kioo cha pembeni. Mzee Bado alipoelezwa maneno hayo alifikiri kidogo, akasema inategemea mtu huyo alikitazama au hakukitazama.

Na usidhani alikuwa mla rushwa. La hasha! Ingekuwa nafuu, maana mla rushwa ana bei, na penye bei watu husikilizana. Huyu alikuwa anaamini kwa moyo wake wote kwamba kumwambia mtu "umeweza" ni kumharibu. Watoto wake wawili wakubwa waliondoka nyumbani zamani, wakapata kazi, wakaoa na kuolewa, na mpaka leo wakipiga simu humpigia mama yao. Mzee Bado alisema mtandao wa simu yake ni mbovu.

Nyumbani alibaki kitindamimba, binti, ambaye tangu akiwa na meno ya utoto alipenda mambo ya maji. Mvua ikinyesha, wenzake waliingia ndani, yeye alitoka nje na kijiti kuchimba mifereji. Alipomaliza shule aliomba uhandisi wa maji katika vyuo viwili. Cha kwanza ni kile kikubwa cha mji mkuu, chenye mnara wa saa na kiwanja cha nyasi ambacho hakuna anayeruhusiwa kukikanyaga. Kilimkataa. Binti alilia siku nzima, mama yake akamfariji, na Mzee Bado akaenda kazini kifua mbele.

"Binti yangu amekataliwa kule mji mkuu," alimwambia mtahini mwenzake.

"Pole sana, ndugu yangu."

"Pole ya nini? Unajua wale hukataa watu gani? Hukataa watoto wa mawaziri wale! Kile ndicho chuo."

Chuo cha pili kilikuwa chuo kikuu cha umma cha mkoa wao wenyewe, kile kilicho nyuma ya kituo cha mabasi, chenye majengo ya rangi ya krimu na karakana ndefu yenye paa la bati. Jioni moja mama alikuwa akipiga pasi sare yake ya kazi, Mzee Bado akisoma gazeti, simu ya binti ikalia. Binti aliisoma, akaisoma tena, kisha akaruka mpaka kiti kikaanguka.

"Nimepata! Mama, nimepata! Chuo cha mkoa! Uhandisi wa maji!"

Mama aliacha pasi akapiga vigelegele mpaka jirani akaitika kwa vigelegele vyake bila hata kujua ni vya nini. Wakakumbatiana, wakazunguka sebule nzima. Mzee Bado alikunja gazeti polepole.

"Wamekataa wangapi?" akauliza.

"Eti nini?"

"Nauliza. Walioomba wengine. Wamekataliwa wangapi?"

Wakarudi kuzunguka sebule. Basi akafanya uchunguzi wake mwenyewe, na kila alichokipata kilimzidishia machungu. Mpwa wa mtahini mwenzake alikuwa amekubaliwa. Mtoto wa kinyozi alikuwa amekubaliwa. Hata yule kijana wa duka la pembeni, ambaye ukimpa noti lazima usimame umsaidie kuhesabu chenji, alikuwa amekubaliwa, tena kwenye uhasibu! Hilo la uhasibu ndilo lililommaliza. Alirudi nyumbani akavua kofia, akatangaza kwamba chuo kile ni kichochoro tu, hakina mlango.

Mke wake alikuwa mkunga, mwanamke mfupi mwenye mikono yenye nguvu na subira iliyopimwa na mambo mazito kuliko mume. Alimsikiliza huku akikunja nguo.

"Baba watoto," akasema, "mimi kule wodini napokea kila anayekuja. Wako wanaotanguliza kichwa, wako wanaotanguliza miguu, wako wanaokuja kabla ya siku zao hata kitanda hakijatandikwa. Sijamwambia hata mmoja arudi akajiandae. Na sijasikia mtu akisema wodi ile haina viwango."

"Huko ni kuzaliwa, mama watoto. Hiki ni chuo kikuu."

"Shukuru tu aliyempokea mama yako hakuwa mtahini. Mpaka leo ungekuwa unasubiri."

Binti alicheka. Mzee Bado hakucheka. Aliamua kwenda mwenyewe kukikagua chuo, maana mtoto ni wake, na mtu hanunui hata ndoo bila kuigonga.

Makosa alianza kuyahesabu getini. Mlinzi alimpungia mkono apite bila kumuuliza anakwenda wapi. Kosa la kwanza. Kwenye maegesho, gari la mhadhiri fulani lilikuwa limekanyaga mstari. Kosa la pili, tena kubwa. Akapita kwenye veranda ndefu iliyopakwa rangi mpya na bado ikinuka tapentaini, akachungulia dirisha la darasa. Mwalimu alikuwa akichora kitu ubaoni, vijana wameinamisha vichwa wanaandika, na mmoja aliyeinua mkono aliulizwa, akajibu, akasahihishwa bila kuchekwa. Hapo Mzee Bado hakuona kosa, kwa hiyo hakuona kitu. Akaendelea na safari.

Ofisi ya udahili ilikuwa na dirisha la kioo lenye tundu dogo la kusemea, na nyuma yake alikaa afisa wa udahili, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa mkufu. Alichapa kompyuta kwa vidole viwili tu, lakini vidole vyenyewe vilikuwa havikamatiki.

"Shikamoo mzee. Nikusaidie nini?"

"Marahaba. Nataka kujua viwango vyenu."

"Vya ada?"

"Vya kukataa."

Mama wa udahili alivaa miwani ili amwone vizuri. "Kila kozi ina sifa zake, mzee. Aliye nazo anaingia, asiye nazo haingii."

"Na wenye sifa wakitokea wengi?"

"Tunafurahi."

"Mnafurahi!" Mzee Bado alishika ukingo wa dirisha. Katika miaka yake yote ya kazi hakuwahi kusikia mtu wa serikali akikiri jambo kama hilo hadharani. "Haya, nikupe mfano. Nina namba ya mwombaji mmoja hapa. Hebu niambie huyu mlimkubali vipi."

Akamsomea namba ya binti yake. Vidole viwili vikakimbia.

"Uhandisi wa maji. Hisabati vizuri, fizikia vizuri, kemia amepita. Ametimiza sifa."

"Kemia amepita! Amepita tu! Na mkamchukua?"

"Sifa inasema apite, mzee."

"Mtu anaweza kupita kwa bahati. Mimi ninawaona kila siku wanaopita kwa bahati!"

"Kwa hiyo una pingamizi juu ya udahili wake?"

Neno pingamizi lilimwingia Mzee Bado vizuri. Lilikuwa neno lenye uzito, neno la watu wanaojua wanachokifanya. "Ninalo," akasema.

"Na wewe ni nani kwake?"

Sasa hapa ndipo ujue kazi inavyoweza kumharibu mtu. Kule uwanjani kwao ni mwiko mtahini kutaja udugu mbele ya anayetahiniwa. Ukishasema huyu ni mpwa wangu, huyu ni shemeji yangu, mtihani umekufa, maana hata ukiwa mwadilifu kiasi gani watu watasema umependelea. Wenzake wengi walilivunja sharti hilo kila wiki. Yeye hakulivunja hata siku moja, na siku mtoto wa dada yake alipokuja kutahiniwa alimwita "wewe wa tatu" tangu mwanzo mpaka mwisho. Kwa hiyo mdomo ulijibu wenyewe.

"Raia tu wa kawaida."

Mama wa udahili alichukua kitambulisho chake, akakitazama, akatazama kompyuta. "Jina lako na jina la mwisho la huyu binti ni moja."

"Majina hufanana."

"Hufanana kweli," alikubali yule mama, kwa sauti ya mtu aliyekwishaona mengi kwenye tundu lile. "Nikiliingiza hili linakwenda mbele ya kamati. Una uhakika?"

Kamati! Mzee Bado aliona picha nzima: maprofesa wamekaa, wameinamisha vichwa kwa aibu, wanajadili ulegevu wa milango yao. "Ingiza," akasema. Akarudi nyumbani akipiga mluzi.

Kesho yake wakiwa mezani, simu ya binti ikalia tena. Safari hii hakuruka. Alisoma, akampa mama yake simu. Mama akasoma kwa sauti: udahili wake umesimamishwa kufuatia pingamizi lililowasilishwa, afike mbele ya kamati Jumatano, pingamizi likikubaliwa, nafasi yake atapewa anayefuata kwenye orodha ya akiba.

"Pingamizi?" binti aliuliza. "La nani? Nimemfanya nini mtu?"

Mama alisimama. Nimeshasema alikuwa mwanamke wa subira. Subira ile iliishia hapo hapo, kati ya kikombe na sahani.

"Ni hasidi gani huyu? Ni hasidi gani aliyekwenda kumkalia mwanangu kooni? Kikulacho ki nguoni mwako! Namjua! Ni huyu fundi cherehani hapa jirani, binti yake hakupata, tangu siku ile nilimwona vigelegele vyake vimepoa katikati! Mungu amlipe aliyefanya hili! Ale asishibe, alale asipate usingizi, na kila mlango atakaoubisha ajibiwe hakuna mtu!"

Mzee Bado alikoroga chai.

"Na wewe, mbona umenyamaza? Mtoto wako anafanyiwa hivi, na wewe unakoroga chai isiyo na sukari?"

Kweli, haikuwa na sukari. Alikuwa amesahau kuitia. Mama alikuwa amekwishavaa viatu vya kutokea, mkono uko kwenye kitasa, na njia ya kwenda kwa fundi cherehani ni hatua chache tu. Mzee Bado alipima: aibu ya kusema, na aibu ya kuutazama ugomvi ule dirishani akijua ukweli. Kwa mara ya kwanza maishani mwake alijitahini mwenyewe.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Pingamizi. Nililiweka mimi. Lakini sikulielekeza kwake! Nililielekeza kwenye viwango. Yeye nilimtoa kama mfano tu."

Mama aliachia kitasa. Alikaa chini na viatu vyake, akacheka, na kicheko chenyewe kilikuwa cha kutisha kuliko laana zote alizokwisha kuzimwaga, ambazo sasa zilikuwa zimemrudia mumewe zote bila kupungua moja. Binti hakucheka. Alimtazama baba yake kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Baba, ulipoona wamenikubali, hukufikiri kwamba labda mimi ni mzuri. Ulifikiri kwamba wao ni wabovu."

"Mwanangu, sikumaanisha..."

"Ulimaanisha."

Akaenda chumbani kwake. Laiti angebamiza mlango! Aliufunga taratibu kama anayemfungia mgonjwa.

Asubuhi Mzee Bado alikuwa wa kwanza kwenye tundu la kioo. Alitaka kuliondoa pingamizi lake, alisema, kulikuwa na kutoelewana kidogo.

"Haliondolewi, mzee," alisema mama wa udahili.

"Lakini ni langu!"

"Lilikuwa lako. Likishaingia ni la kamati. Tukiruhusu watu kuyaweka na kuyaondoa, kila mwenye chuki angeliweka, kisha angekwenda kwa mzazi kudai chochote ili aliondoe. Ni utaratibu."

"Dada yangu, tusaidiane. Huyu ni binti yangu wa kumzaa. Huwezi kufumba jicho mara moja tu? Hakuna namna?"

Mama wa udahili alivua miwani ikarudi kifuani. "Mzee," akasema kwa upole, "unataka tulegeze?"

Mkuki kwa nguruwe, wahenga walisema, na Mzee Bado siku ile alikuwa nguruwe mwenyewe. Alikuwa amekuja kutafuta mlango mgumu, akaupata, ukamgonga pua. Alitoka akapita tena kwenye maegesho, na safari hii hakuona gari lililokanyaga mstari, kwa kuwa hakuona gari lolote.

Jumatano walikwenda watatu ndani ya gari moja. Chumba cha kamati kilikuwa kidogo, feni inalalamika darini, jagi la maji katikati ya meza. Mwenyekiti alikuwa profesa wa kike mwenye mvi fupi. Kulia kwake alikaa mhadhiri kijana wa uhandisi, kushoto yule mama wa udahili na kompyuta yake.

"Aliyeweka pingamizi yupo?" mwenyekiti aliuliza.

Mzee Bado akanyoosha mkono.

"Na mzazi wa mwombaji?"

Mzee Bado akanyoosha mkono tena. Mhadhiri kijana alipatwa na kikohozi cha ghafla.

"Ni mimi kotekote," Mzee Bado alieleza.

"Haya," alisema mwenyekiti, ambaye uso wake haukutikisika. "Tueleze."

Alikuwa ameandaa hotuba. Alianza na umuhimu wa viwango katika taifa lolote linalotaka kuendelea, akataka kupitia kwenye mlango na wanaorudi wakilia, lakini mwenyekiti aliinua kiganja.

"Viwango vyetu tunavijua, mzee wangu. Hapa tunamzungumzia huyu binti, na swali ni moja tu. Wewe umemlea, unamjua kuliko sisi. Anafaa, au hafai? Ukisema anafaa, pingamizi limekwisha hapa hapa, twende zetu. Ukisema vingine, itabidi tumhoji."

Lo! Rahisi namna hiyo! Neno moja tu. Mzee Bado alihisi jasho la furaha mgongoni. Mke wake alimtazama kwa yale macho anayomtazamia mama aliyebakiza kidogo tu ajifungue, na midomo yake ikacheza bila sauti: sema, sema, sema. Naye akamgeukia binti yake ili alisemee neno lile usoni kwake.

Binti alikuwa amekaa wima, mikono juu ya magoti. Alikuwa anamtazama. Na macho yale, jamani, Mzee Bado alikuwa anayajua. Ni yale yale ya kila siku kwenye kiti cha dereva, injini ikishazimwa, na kwa macho yale mdomo wake ulikuwa umezoea njia moja tu, umeipita mara elfu, ungeweza kuipita umefumba macho. Nakuapia alitaka kusema anafaa. Herufi alikuwa nazo zote ulimini. Alifungua mdomo.

"Bado," akasema.

Feni ililalamika. Mama alijifunika uso kwa viganja vyote viwili. Mama wa udahili, ambaye kazi yake ilikuwa kuandika kila kinachosemwa, aliinua vidole vyake viwili juu ya kompyuta, akasita, kisha akaandika.

"Samahani! Sikutaka kusema hivyo! Ni mazoea, nilitaka kusema..."

"Umesikika, mzee," alisema mwenyekiti.

Binti hakulia. Kilichotokea ni kidogo kuliko kulia na kilimuuma baba yake zaidi: aliyaondoa macho kwake. Aligeuza kiti chake kidogo kuelekea meza, mpaka baba yake akabaki anaona sikio na shavu tu.

"Naomba mnihoji nyinyi," alisema.

Wakamhoji. Mwenyekiti alianza na kemia: mbona alama ni za chini vile?

"Kemia inanishinda," alisema binti. "Mwalimu wetu aliondoka katikati ya mwaka, lakini nisimsingizie, hata alipokuwepo ilinishinda. Nikiingia itabidi nianze kuisoma upya."

Mzee Bado nusura aruke. Mtu anakiri kosa akiwa kwenye kiti cha mtihani! Uwanjani kwake watu walikuwa wanakana hata koni walizozivunja.

Mhadhiri kijana akaegemea meza. Akampa mfano: mtaa una tangi kilimani, nyumba za mwisho asubuhi hazipati maji, mchana zinapata. Bomba limechimbuliwa mara mbili, halina tobo. Ataanzia wapi?

Binti alinyamaza akafikiri, na ukimya wake haukumtisha mtu pale ila baba yake. "Nisingechimba mara ya tatu," akasema. "Kama mchana yanafika, njia ipo. Ningekwenda asubuhi nikakaa nao, nione ni nyumba ngapi za juu zinafungua mabomba kwa pamoja. Labda bomba ni jembamba kwa watu waliopo sasa. Lilitandikwa wakati nyumba zikiwa chache."

"Na jembamba kiasi gani ndilo jembamba mno? Ungelipimaje?"

"Hilo silijui."

"Hulijui kabisa?"

"Ningelijua ningekuja kuomba kazi, siyo nafasi ya kusoma."

Mwenyekiti alicheka kwa mara ya kwanza, na mhadhiri kijana naye, na hata feni ilionekana kupata nafuu. Chini ya meza Mzee Bado alikuwa anahesabu makosa kwa vidole, bila kujijua, kama afanyavyo ndani ya gari. Kidole cha kemia kilisimama. Vingine vilikataa kabisa. Akabaki ameshika kidole chake kimoja, akimsikiliza binti huyu mtulivu aliyekuwa akizungumza na wakubwa kama mtu anayestahili kuzungumza nao, na akajiuliza amekuwa akila naye meza moja tangu lini.

Waliombwa wasubiri nje, wakaitwa baada ya muda mfupi sana. Mwenyekiti alizungumza na binti kwanza, akamwambia nafasi yake ni yake, na kwamba wiki ya kwanza aende kumwona mwalimu wa kemia. Kisha akamgeukia baba.

"Mzee wangu, ulikuja kuuliza kama chuo hiki kinakataa. Kinakataa. Tumelikataa pingamizi lako."

Mama alipiga vigelegele humo humo kamatini na hakuna aliyemzuia.

Kuanzia siku hiyo ndani ya nyumba ile paliingia adabu. Binti hakumnunia baba yake, hapana. Alimsalimia asubuhi, akampa chai yenye sukari, akamjibu alichoulizwa. Hakumwambia tena jambo ambalo hakuulizwa. Akipata ujumbe wa chuo alikwenda kumsomea mama yake jikoni, na Mzee Bado alijifunza kupunguza sauti ya redio ili asikie ukutani habari za mtoto wake mwenyewe.

Akaanza kufanya mazoezi. Usicheke, ni kweli. Alisimama mbele ya kioo cha bafuni akasema "unafaa", akaona meno yake yanakuwa kama ya mtu anayeng'olewa. Akalijaribu kazini. Mama mmoja mwenye duka la mikate, aliyekuwa akirudi kila mwezi mpaka wengine uwanjani wakamzoea kama mfanyakazi mwenzao, alipaki, akazima injini, akaanza mwenyewe kufungua mkanda ili ateremke. "Umefaulu," alisema Mzee Bado. Yule mama aliuliza, "Umesemaje?" Akamrudia. Yule mama aligoma kushuka kwenye gari, akidhani ni mtego. Watahini wawili wakaja kumhakikishia, na habari ikaenea mjini kwamba Mzee Bado anaumwa.

Siku ya kuripoti chuoni aliamka akaosha gari. Akapima upepo wa matairi yote manne na la akiba, akafuta vioo, akatandika kitambaa kwenye buti ili sanduku lisichafuke. Alipoingia ndani kuchukua sanduku, alikuta limekwisha kutolewa. Teksi ilikuwa mlangoni. Mama alikuwa amevaa, binti anaweka ndoo na godoro.

"Gari lipo," alisema Mzee Bado. "Nimeliosha."

"Tumeliona, baba. Ni safi sana," alisema binti. "Tumeshamwita huyu."

Ndipo akalisema. Palepale, mbele ya dereva wa teksi, ufunguo wa gari mkononi, na lilitoka vizuri bila meno. "Mwanangu, unafaa. Nilitaka kukwambia siku ile. Unafaa sana."

Binti alisimama, mkono kwenye mlango wa teksi. Macho yake yalilowa kidogo, hilo Mzee Bado aliliona na hakuna atakayemnyang'anya.

"Asante, baba. Nilishaambiwa. Waliniambia watu wasionijua, nami nilitaka nilisikie kwa anayenijua."

Akaingia. Mama naye akaingia upande wa pili, na alipompita mumewe alimgusa bega, kwa kuwa hata kwenye wodi yake huwapo wanaochelewa. Mzee Bado aliinama dirishani.

"Nije kukuona? Si mbali. Hata Jumamosi hii naweza."

"Nitakutumia ujumbe, baba," alisema binti, bila hasira. "Acha nifikirie."

Teksi ikaondoka, na dereva wake akakata kona bila kuwasha taa, na Mzee Bado hakuliona kosa hilo. Aliingia ndani, akaketi kwenye kiti chake, akaweka simu mezani mbele yake, kioo kikiangalia juu. Sasa kila inapolia huinyakua kabla ya mlio wa pili. Mpaka leo ni ujumbe wa kampuni ya simu tu, na kila akiusoma huiweka tena pale pale, huisogeza kidogo ikae sawa, akaendelea kusubiri jibu.